Kizuizi kati ya damu na ubongo: kwa nini hakifanani kila mahali

Katika maduka mengi ya dawa utakuta dawa mbili za kuzuia kutapika zinazofanya kazi kwa njia ileile: metoklopramidi na domperidoni. Zote mbili huziba vipokezi vya dopamini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupashana habari. Metoklopramidi huingia ubongoni, na ndiyo maana mara mojamoja, hasa kwa watoto na vijana, humletea mgonjwa balaa: shingo inapinda, macho yanageukia juu na kuganda huko, taya linakaza, na ndugu waliomzunguka wanadhani ni degedege au pepopunda. Domperidoni huingia ubongoni kwa kiasi kidogo mno, na kwa sababu hiyo ni nadra sana kumpindisha mtu shingo. Hata hivyo inazuia kutapika. Na kituo kinachoanzisha kutapika kiko ndani ya fuvu, kwenye shina la ubongo. Dawa isiyoingia ubongoni inakifikiaje?

Inakifikia kwa sababu pale mahali hapana kizuizi kama kile cha sehemu nyingine za ubongo. Habari hiyo mara nyingi huachwa nje ya maelezo tunayopewa shuleni na hata vyuoni. Tunachorewa mstari mmoja, damu upande huu na ubongo upande ule, na tunaambiwa dawa fulani "inapita" au "haipiti". Mchoro huo unatosha kwa kuanzia, lakini ukibaki nao peke yake, mambo mengi ya kitabibu hayaeleweki: kiu, homa, malale, kwikwi zisizokoma, ganzi inayoletwa na dawa za saratani. Swali la msingi ni mahali. Kizuizi hiki kinapita wapi, katika sehemu ipi ya ubongo, na kimejengwa na seli zipi?

Ugunduzi wenyewe ulitokana na rangi. Mwaka 1885 mwanasayansi wa Kijerumani Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi kwenye damu, akaona viungo karibu vyote vimeiva rangi isipokuwa ubongo. Yeye alidhani tishu za ubongo hazishiki rangi tu. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann akaja kugeuza jaribio mwaka 1913: rangi aliiweka kwenye maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo badala ya damu, na safari hii ubongo ukashika rangi, mwili uliobaki ukabaki mweupe. Kumbe tishu haikuwa na tatizo. Kulikuwa na kitu katikati. Miaka ya 1920 Lina Stern, aliyefanya kazi Geneva kabla ya kuhamia Moscow, ndiye aliyekipa kitu hicho jina na kukifanya somo linalojitegemea.

Ilibidi kusubiri darubini ya elektroni ili kizuizi chenyewe kionekane. Mwaka 1967 Thomas Reese na Morris Karnovsky walidunga kimeng'enya kwenye damu ya panya na kukifuata hadi kwenye kapilari za ubongo. Kilikwama kwenye maungio kati ya seli zinazopanga ukuta wa ndani wa mshipa. Kwenye msuli au ngozi, seli hizo huacha mianya midogo kati yake. Kwenye ubongo zimebanwa na protini kama klaudini-5 kiasi kwamba hata ayoni hupenya kwa shida. Juu ya hapo seli hizi hazipendi kubeba vitu kwa vifuko kutoka upande mmoja hadi mwingine, na zina pampu, mashuhuri zaidi ikiwa P-glaikoprotini, zinazorudisha kwenye damu molekuli nyingi zilizokwisha kujipenyeza. Glukosi ina mlango wake wa protini, asidi amino zina yao. Nje ya mshipa zimekumbatia seli ziitwazo perisaiti, na nje ya hizo kuna miguu ya astrosaiti, seli saidizi za ubongo. Kapilari zote za ubongo wa mtu mzima zikiunganishwa hukadiriwa kufika kilomita 600 hivi, na sehemu kubwa mno ya urefu huo imejengwa namna hii.

Sehemu kubwa mno, lakini si yote. Waliotumia rangi baada ya Goldmann waliona ndani ya ubongo mweupe kuna madoa machache yaliyoshika rangi kila mara, na si kwa bahati mbaya ya jaribio. Yapo karibu yote kandokando ya vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo. Leo mtaalamu wa mionzi anaweza kuyaona baadhi yake kwa mtu mzima asiye na ugonjwa: mtu anapodungwa gadolinia, dawa ya kung'arisha picha, kabla ya picha ya MRI, tishu ya ubongo kwa jumla haibadiliki, lakini tezi ya pituitari, bua lake na tezi ya pineali hung'aa. Daktari anayejua hili hatishiki. Asiyejua anaweza kudhani ameona uvimbe.

Sehemu ya nyuma ya ubongo, kwenye sakafu ya chumba cha nne, kuna kijisehemu kidogo sana kinachoitwa eneo postrema. Kapilari zake zina matundu kama chekeche, na kinachozunguka kwenye damu huifikia tishu yake kwa urahisi. Hiyo ndiyo kazi yake. Seli zake za neva huonja damu na zikikuta sumu hutoa amri ya kutapika kabla sumu haijaenea zaidi. Mnyama anayekula asichokijua anahitaji mlinzi wa aina hii, na mlinzi huyo hawezi kufanya kazi akiwa amefungiwa nyuma ya ukuta. Domperidoni humfikia bila kuingia ubongoni kwenyewe, ikaziba vipokezi vyake vya dopamini, basi.

Ukishakijua kijisehemu hiki, matibabu ya ugonjwa wa Parkinson nayo yanaeleweka. Mgonjwa amepungukiwa dopamini ndani ya ubongo. Ukimpa dopamini yenyewe haipiti, kwa hiyo anapewa levodopa, ambayo hupitia mlango wa asidi amino na kugeuzwa dopamini ikiwa imeshaingia. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya levodopa hugeuzwa dopamini ikiwa bado nje, kwenye damu na tishu nyingine, na dopamini hiyo isiyoweza kuvuka kizuizi mahali pengine inalifikia eneo postrema bila taabu. Mgonjwa anatapika. Ndiyo maana levodopa hutolewa pamoja na karbidopa, dawa inayozuia mgeuko huo nje ya ubongo na ambayo yenyewe haivuki. Mgonjwa huyohuyo akihitaji dawa ya kichefuchefu, madaktari humwepusha na metoklopramidi, kwa kuwa ingeziba dopamini ndani anakoihitaji. Hupendelea domperidoni, kwa tahadhari ya mapigo ya moyo, maana ina hatari zake kwa wenye moyo dhaifu. Na domperidoni ina athari nyingine inayotuonyesha ramani hiihii: huongeza maziwa ya mama. Tezi ya pituitari nayo iko nje ya kizuizi, na dopamini ndiyo inayoizuia kutoa prolaktini, homoni ya maziwa. Dawa isiyoingia ubongoni inaizuia dopamini pale, na prolaktini inapanda.

Nitakaa hapa kidogo zaidi, kwa sababu kuna ugonjwa mmoja unaokosa sana kutambuliwa kwa kutojulikana kwa eneo hili. Neuromaielitisi optika ni ugonjwa ambamo kinga ya mwili hushambulia akwaporini-4, protini ya maji iliyo kwenye miguu ya astrosaiti. Huwapata zaidi wanawake, na watu wenye asili ya Afrika huathirika zaidi kuliko Wazungu. Wengi huja na upofu wa ghafla au miguu iliyopooza. Lakini wengine huanza na kwikwi zisizokoma au kutapika kwa siku nyingi, bila shida yoyote tumboni. Eneo postrema lina akwaporini-4 kwa wingi, na kingamwili kutoka kwenye damu zinalifikia moja kwa moja. Mgonjwa anazungushwa kwa madaktari wa tumbo, anapimwa vidonda na bakteria, anapewa dawa za asidi, na wakati huo shambulio linalofuata linakuja kwenye macho au uti wa mgongo. Tangu mwaka 2015 vigezo vya kimataifa vya kuutambua ugonjwa huu vinahesabu dalili hii miongoni mwa zile kuu. Kila daktari wa kliniki ya kawaida angepaswa kuijua.

Dawa mpya za kisukari na unene za jamii ya semaglutaidi zinawafanya wengi wasikie kichefuchefu, na utafiti wa wanyama umeonyesha zinalifikia eneo postrema pamoja na sehemu nyingine za aina hiyo.

Sehemu hizo nyingine ni zipi? Mbele, juu ya chumba cha tatu, kuna kiungo cha chini ya forniksi, kinachosikiliza angiotensini II, homoni inayopanda mwili unapopungukiwa maji au damu. Mwaka 1973 John Simpson na Aryeh Routtenberg walionyesha kwamba kiungo hiki ndicho kinachomfanya panya anywe maji homoni hiyo inapopanda. Mwaka 2015 maabara ya Charles Zuker iliwasha kwa mwanga seli fulani za hapohapo, na panya walioshiba maji wakakimbilia kunywa. Chini yake kidogo kuna kiungo kingine kinachopima chumvi ya damu na kilicho jirani na sehemu inayodhibiti joto la mwili. Kuna tezi ya pineali inayomwaga melatonini moja kwa moja kwenye damu. Na kuna mwinuko wa kati chini ya haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia homoni, njaa na joto la mwili, ambapo ubongo humwaga homoni zake kwenye vishipa vinavyokwenda pituitari. Ukiziangalia kwa makini, zinagawanyika katika aina mbili: zinazoonja damu na zinazomwaga ndani yake. Kazi zote mbili haziwezekani nyuma ya mlango uliofungwa.

Mtu atauliza, sawa, lakini kama kuna matundu hapa na pale, si vitu vitaingia kwa matundu hayo na kuenea ubongo mzima? Haviwezi, na hili ndilo jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote katika somo hili. Pale mishipa inapolegea, kizuizi kinahamia kwenye safu nyingine ya seli. Kwenye mwinuko wa kati, seli ndefu zinazoitwa tanisaiti zinapanga ukuta wa chumba cha maji, zimebanana kwa protini zilezile ambazo mahali pengine ziko kwenye mshipa. Kinachotoka kwenye damu kinaishia kwenye kijisehemu hicho, hakifiki kwenye maji ya ubongo wala hakipenyi kwa urahisi kwenye tishu jirani. Kwenye koroidi pleksasi, kile kichaka cha mishipa kinachotengeneza maji hayo, mishipa ina matundu kabisa, na kazi ya kuzuia imebebwa na seli za juu yake. Kwa hiyo picha sahihi ni mpaka unaopinda, unaofuata mshipa katika sehemu kubwa ya ubongo na kuuacha mshipa nyuma katika sehemu hizi chache.

Mpaka huo pia unasogea. Mwaka 2013 watafiti wa Lille, Ufaransa, waliwanyima panya chakula na kuchunguza mwinuko wao wa kati. Mishipa ilikuwa imeongeza matundu, na mibano ya tanisaiti ilikuwa imejipanga upya, hivi kwamba ishara za njaa kutoka kwenye damu zilifika kwa urahisi zaidi kwenye seli jirani zinazosimamia kula. Kilichoanzisha mabadiliko hayo kilitolewa na tanisaiti zenyewe. Njaa, kwa maneno mengine, ilifungua njia ya kuripoti njaa.

Ni nini kinachouambia mshipa uwe mgumu hapa na mlegevu pale? Mwaka 1981 Patricia Stewart na Michael Wiley walipandikiza kipande cha ubongo wa kiinitete cha kware, kabla hakijapata mishipa, kwenye tumbo la kiinitete cha kifaranga. Mishipa ya tumbo la kifaranga ilipokua ndani ya kipande hicho ilijenga kizuizi. Mshipa haukuzaliwa na tabia hiyo, uliifundishwa na tishu uliyoingia. Leo tunajua sehemu ya fundisho hilo ni ishara za Wnt, kundi la protini ambazo seli hutumiana. Katika ubongo wa mbele na uti wa mgongo zinabebwa na protini fulani, katika retina na serebelamu zinategemea protini nyingine, Norini, na hata kasoro ya jeni moja inaweza kulegeza kizuizi katika sehemu moja huku ikiiacha nyingine salama. Katika viungo vile vyenye matundu, ishara hizi ni hafifu. Mwaka 2019 watafiti walizilazimisha kwa panya, na mishipa ya kiungo cha chini ya forniksi ikaanza kufanana na mishipa ya kawaida ya ubongo: matundu yakapungua, klaudini-5 ikaongezeka. Panya hao walipopunguziwa maji, seli za neva za kiungo hicho zikachangamka kupita kawaida. Ulegevu ulikuwa sehemu ya mashine ya kiu.

Hadi hapa nimezungumzia faida. Milango hii ina gharama yake, na kwetu Afrika Mashariki na Kati gharama hiyo ina jina: malale, ugonjwa wa usingizi. Kimelea chake, Trypanosoma, huletwa na mbung'o, huishi kwanza kwenye damu na mitoki, kisha huingia kwenye ubongo na kuvuruga usingizi, akili na mwisho uhai. Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa huu uliua watu kwa mamia ya maelfu kandokando ya Ziwa Viktoria, na ilikuwa Entebbe ambako Aldo Castellani aliwaona vimelea kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Katika panya walioambukizwa, vimelea huonekana mapema kwenye koroidi pleksasi na kwenye vile viungo vyenye matundu, wakati tishu nyingine za ubongo bado hazina kitu. Na baadhi ya viungo hivyo viko jirani na haipothalamasi, mahali saa ya mwili na vituo vya usingizi vilipo.

Tiba nayo imegawanywa na kizuizi hikihiki. Pentamidini na suramini zinatibu hatua ya kwanza, kabla vimelea havijafika ubongoni, kwa kuwa haziingii ubongoni vya kutosha. Kwa hatua ya pili, vikiwa vimeshafika ubongoni, kwa miongo mingi tangu 1949, dawa ilikuwa melasoproli, ambayo ina aseniki, inachoma mshipa inapodungwa, na iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 waliopewa. Ndiyo maana kila mgonjwa alichomwa sindano ya mgongo kuhesabu chembe nyeupe: zaidi ya 5 kwa mikrolita, anahesabiwa hatua ya pili. Hebu fikiria kuwa muuguzi wa kituo cha vijijini Kongo, unayejua kwamba idadi hiyo ndiyo itakayoamua kama mgonjwa wako anapewa dawa inayoweza kumwua. Feksinidazoli, vidonge vilivyojaribiwa kwa wagonjwa wa Kongo na kukubaliwa na Shirika la Dawa la Ulaya mwaka 2018, vinaingia ubongoni na vinatibu hatua zote mbili za malale ya gambiense, aina ya Afrika Magharibi na Kati, ingawa wagonjwa wenye maambukizo makali ya ubongo bado wanahitaji tiba nyingine. Baadaye, baada ya majaribio Uganda na Malawi, matumizi yake yaliongezwa kwa rhodesiense, ile aina ya upande wetu wa mashariki.

Nje ya viungo hivi maalumu, hata kizuizi cha kawaida hakina ugumu mmoja. Katika wanyama wa maabara, mishipa ya uti wa mgongo inapitisha vitu zaidi kuliko ya ubongo. Vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo, vyenye seli zinazoleta hisia za ngozi na viungo, havina ulinzi wa aina hiyo kabisa, na sisiplatini, dawa ya saratani, hujikusanya humo. Mgonjwa wa saratani anayelalamika kuwa nyayo zimekufa ganzi na hawezi kufunga vifungo vya shati, huku akili yake iko timamu, anaeleza tofauti ya kizuizi kati ya sehemu mbili za mfumo wake wa neva.

Ndani ya ubongo wenyewe, sehemu inayofuatiliwa sana sasa ni hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu mpya. Mwaka 2015 Axel Montagne na Berislav Zlokovic, wakiwa Los Angeles, walitumia MRI kupima kasi ya gadolinia kupenya kwa watu wazima wa umri mbalimbali. Uvujaji uliongezeka na umri kwenye hipokampasi, wakati sehemu nyingine nyingi zilibaki zilivyo, na ulikuwa mkubwa zaidi kwa waliokuwa wameanza kusahau. Kwenye maji ya mgongo wao kulikuwa na dalili za kuumia kwa perisaiti. Miaka mitano baadaye kundi hilohilo liliripoti uvujaji huo kwa wenye jeni ya APOE4, inayoongeza hatari ya ugonjwa wa Alzheimer, hata wale ambao kumbukumbu zao bado ni nzuri. Mimi nayachukua matokeo haya kwa tahadhari: kiasi kinachopimwa ni kidogo mno, karibu na ukomo wa mashine, na maabara nyingine zimepata tofauti ndogo zaidi. Lakini kwamba sehemu moja ya ubongo inaweza kuzeeka kizuizi chake kabla ya jirani yake, hilo linaendana na yote tuliyoyaona.

Na kama kizuizi kinatofautiana kwa mahali, basi inawezekana pia kukifungua kwa mahali. Ndivyo inavyofanyika sasa kwa mawimbi ya sauti ya juu yanayolengwa kwenye kipande kidogo cha ubongo, huku vipovu vya gesi vidogo mno vikizunguka kwenye damu. Vipovu hutetemeka, maungio ya seli hulegea kwa muda, kisha hujifunga tena. Mwaka 2018 Nir Lipsman na wenzake wa Toronto walifanya hivyo kwa wagonjwa watano wa Alzheimer, na kizuizi kilikuwa kimejifunga tena ndani ya saa 24. Mwaka 2024 Ali Rezai wa West Virginia aliripoti wagonjwa watatu waliopewa dawa ya kuondoa amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, pamoja na mawimbi hayo kwenye sehemu zilizochaguliwa. Dawa ilikuwa imeingia kwenye damu ya mwili mzima. Kwenye picha za miezi iliyofuata, amiloidi ilipungua zaidi katika sehemu zilizofunguliwa kuliko katika sehemu zilezile za upande wa pili wa ubongo.